Kabla Hujapaka Rangi, Nionyeshe Kingo Zako

Wadogo zangu wa fildi, juzi nilipita nyuma ya mmoja wenu nikamkuta anafuta kingo za grafu ya ratiba ya mitihani, yaani mistari inayounganisha masomo mawili yenye mwanafunzi wa pamoja. Kila ukingo wenye uzito wa 1, yaani mwanafunzi wa pamoja ni mmoja tu, anafuta. Nikamuuliza kulikoni. "Bro, ni mwanafunzi mmoja tu huyo, acha grafu ipumue." Nikaenda kunywa maji kwanza.

1. Kupaka rangi mnakujua, kwa kifupi tu: kila somo ni nodi, kila rangi ni kipindi cha mtihani, na nodi mbili zenye ukingo kati yao hazipewi rangi moja. Ninachouliza mimi ni ukingo wako umetoka wapi.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ratiba ya mitihani ya chuo kimoja, msiniulize kipi. Masomo 112. Walikuwa wamezoea vipindi 18; mimi nikapata rangi 11. Mitihani ya siku tisa ikashuka hadi sita. Nikatamba! Msajili akanipa mkono mbele ya watu, ratiba ikabandikwa kwenye mbao za matangazo, nami nikaipiga picha nikamtumia mama.

Jumatatu saa tatu asubuhi, binti mmoja kasimama katikati ya kumbi mbili na kalamu mbili mkononi. "Kaka, niingie wapi?" Yuko mwaka wa tatu, ana somo la mwaka wa kwanza alilolibeba baada ya kufeli, na yote mawili yanaanza saa ile ile. Nikamwambia lazima kuna kosa. Kosa lilikuwa mimi. Kufika mchana walikuwa 37.

Kingo zangu nilizichora kutoka kwenye mwongozo wa programu: masomo ya mwaka mmoja, programu moja, unganisha. Orodha ya usajili, iliyotaja nani anasoma nini hasa, nilikuwa nayo kwenye flashi ile ile. Sikuifungua, maana ilikuwa ndefu na majina yameandikwa ovyo. Upakaji wangu haukuwa na doa. Ila ilikuwa grafu ya chuo ambacho hakuna mtu aliyewahi kufeli. Na mimi mwenyewe nilibeba Kalkula hadi mwaka wa pili!

Wale 37 ikabidi wafanye mtihani mmoja, wafungiwe chumbani wasionane na wenzao, kisha wafanye wa pili. Aliyekaa nao kuwalinda ni mimi, na chapati na soda zikatoka mfukoni mwangu. Yule binti hakuninunia. Aliniuliza tu kama kompyuta ndiyo iliyokosea, nikashindwa hata kudanganya.

Usiku ule nikachora upya: kila mwanafunzi, unganisha masomo yake yote, kila moja kwa kila jingine. Rangi 16. Nikapeleka ratiba ya siku zilizobaki kwa msajili nikiwa nimeinamisha kichwa.

2. Anza na nodi yenye kingo nyingi, kama watafiti Welsh na Powell walivyoonyesha mwaka 1967. Hata hivyo usiiamini sana njia ya kupaka papo kwa papo, ya kuipa kila nodi rangi ya kwanza isiyogongana na jirani zake: kwa mpangilio mbaya, grafu ya nodi 100 inayotosheka na rangi 2 inaweza kutumia rangi 50.

3. Kabla hujamwahidi msajili chochote, tafuta masomo yanayogongana yote kwa yote. Yakiwa 9, vipindi 8 havipatikani hata ukeshe.

4. Anayetaka kukagua mizunguko yote ya gari la kusambaza karatasi kwenye vituo 20: ni zaidi ya 60,000,000,000,000,000. Kwa bilioni moja kila sekunde utamaliza baada ya karibu miaka 2, na watoto watakuwa wameshahitimu. Nasema hivi kila mwaka.

5. Uzito kwenye ukingo unakusaidia kuamua mitihani ipi iachane kwa siku nzima na ipi ifuatane. Hauamui kama ukingo uwepo. Uzito wa 1 ni mtu mwenye kalamu mbili mlangoni.

Wewe uliyefuta, nakala ya asili bado iko kwenye folda ya pamoja, nimeangalia. Irudishe kabla ya saa kumi. Ukichelewa, mwezi ujao chapati utanunua wewe.