Nilijenga ukuta pasipo ufa: kwa mlioanza juzi kazi ya rezavoa, yaani mwamba uliobeba mafuta

Alhamisi iliyopita kijana mmoja, wiki yake ya tano kazini, aliniletea jedwali la nukta za presha, yaani presha iliyopimwa kwenye vina mbalimbali, za visima viwili. Jedwali safi, rangi zimepangwa, desimali zimenyooka kama askari wa gwaride. Safu ya pili imeandikwa "Kina (m)". Basi. Kina kutoka wapi? Kimya. Nikaweka kikombe cha chai mezani kabla hakijanimwagikia. Sikuwa na hasira. Nilikumbuka mambo.

Wadogo zangu, nawapenda. Mnakuja kutoka Makerere na Kigumba mkiwa mnajua kompyuta kuliko sisi tulivyojua kalamu. Lakini kila kundi linatumbukia shimo lile lile, tena kwa mguu ule ule. Nayaandika haya mara moja ili nikiulizwa tena niwape karatasi, nimalizie chai yangu ikiwa bado ya moto.

1. Kofia ngumu si kazi yako. Najua picha ya kwanza utakayoituma nyumbani umevaa ovaroli, nyuma yako rigi, ule mtambo wa kuchimbia. Tuma, mama afurahi. Baada ya hapo jua kwamba mhandisi wa rezavoa hushinda kwenye kiti, Kampala au Entebbe, akigombana na namba. Buliisa, kwenye visima, utakwenda mara chache, utaungua na jua, utakula muziri mkavu, wale samaki wadogo, na posho, yaani ugali, kisha utarudi kwenye kiti. Shangazi yangu wa Arua mpaka leo anaamini nina kisima changu mwenyewe na ninamficha. Nimeacha kubisha, maana kila nikibisha ananiomba mabati.

2. Jifunze tofauti ya 6.5 na 1.4. Makadirio yanayotajwa kila mara ni kwamba chini ya bonde letu la Ziwa Albert, Uganda, kuna mapipa ya mafuta bilioni 6.5, na yatakayotoka ni bilioni 1.4. Gawanya: asilimia 21 na ushei. Yaliyobaki yatakaa mwambani. Mwanasiasa hutaja namba ya kwanza, mhasibu ya pili, na wewe unalipwa mshahara kwa ajili ya pengo lililo katikati. Ukiongeza asilimia moja tu ya zile bilioni 6.5 umepata mapipa milioni 65. Mradi wa Tilenga kwenye kilele umepangiwa mapipa 190,000 kwa siku na wa Kingfisher 40,000. Hiyo asilimia moja ni kazi ya yote miwili kwa zaidi ya miezi tisa. Kwa hiyo usione vita vyetu vya psi (kipimo cha presha) mbili tatu ukadhani wazee tumechoka tunatafuta la kugombania.

3. Kina kimepimwa kutoka wapi? Hapa kaeni vizuri.

Ilikuwa 2012, wakati wa tathmini, visima vinachimbwa na kujaribiwa, kila kampuni inakimbizana na ramani. Niliajiriwa mahali ambapo sitapataja. Nilikuwa na miaka 26, tai moja, na kiburi cha tai tano. Nikapewa visima viwili vya uwanja mmoja, kilomita chache kati yao, tuviite A na B. Kazi: chukua nukta za presha, rekebisha vina vyake vihesabiwe kutoka usawa wa bahari, zichore, sema kama mafuta ya A na ya B ni mamoja.

Nikachora. Ikatoka mistari miwili iliyonyooka, sambamba, gradienti ile ile ya mafuta, yaani presha inapanda kiasi kile kile kwa kila mita ya kina. Lakini haikulaliana. Mstari wa A ulikaa chini ya ule wa B kwa psi 11, nukta kwa nukta, bila kuyumba. Nikaikodolea macho skrini kama mtu aliyeona pete ya dhahabu njiani. Presha mbili tofauti maana yake ni vyumba viwili. Vyumba viwili maana yake ukuta katikati, yaani ufa wa mwamba unaozuia mafuta kupita. Nikaenda kwenye ramani ya seismiki, ile ya miamba inayochorwa kwa mawimbi ya mtetemo, kuutafuta huo ukuta.

Sasa fikiria tuko wapi. Tuko Bonde la Ufa. Ufa uko kwenye jina! Ukitaka mstari kwenye ramani ya huku utaupata, hata ukiitazama kichwa chini. Mwanajiofizikia wetu alikuwa ameweka kati ya A na B mstari wa nukta nukta, mwembamba, pembeni ameandika alama ya kuuliza. Mimi nikaufuta ule wa nukta nukta nikaukaza kwa wino. Alama ya kuuliza nikaifuta pia, ilikuwa inaharibu sura ya slaidi.

Kwenye modeli ya kompyuta nikaufunga: hakuna tone linalopita. Simulesheni ikakubali, kama inavyokubali kila kitu. Na kwa kuwa sasa nina vyumba viwili, mpango wangu ukahitaji visima viwili zaidi, kimoja cha kuzalisha na kimoja cha kuingiza maji. Mnajua gharama ya kisima. Mimi nilikuwa naijua pia, na niliitaja kwenye slaidi ya 14 kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi.

Nikaongea dakika arobaini, kwa Kiingereza, mbele ya wakubwa, wengine wamesafiri kutoka mbali. Wakatikisa vichwa. Mmoja akasema ameridhika sana. Pembeni kabisa alikaa mzee mmoja Mtanzania, mwanajiolojia wa visimani, aliyewahi kufanya kazi kwenye gesi ya Songosongo. Sisi wa Arua hatukulelewa kwa shikamoo, lakini kwa mzee yule niliijifunza na nilimpa kila asubuhi. Akainua mkono. Akaniuliza kwa Kiswahili, katikati ya kikao cha Kiingereza, na baadaye ndiyo nilielewa kwamba alikuwa ananisitiri:

"Mwanangu, kina cha A umekipima kutoka wapi?"

"Kutoka juu, mzee."

"Juu ya nini?"

Waliocheka walikuwa wawili tu, wanaojua lugha. Mimi nilifungua mdomo, nikaufunga. Mzee akachukua penseli, akaandika pembeni ya karatasi ya ajenda, akaisukuma mezani mpaka mbele yangu: 9 × 1.25.

Mnaona? Kisima B kilikuwa kimepimwa kutoka usawa wa ardhi. Kisima A kilipimwa kutoka sakafu ya rigi, na sakafu ya rigi ile ilikuwa mita 9 juu ya ardhi. Mimi nikaondoa mwinuko wa ardhi kwa vyote viwili, sawa kwa sawa, kama mama anayegawa chapati. A ikawa imezama mita 9 kuliko ilivyo kweli. Mafuta yale huongeza psi 1.25 hivi kwa kila mita ya kina. Tisa mara moja na robo: 11 na kidogo. Hiyo ndiyo psi 11 yangu. Ndiyo vyumba viwili, ndiyo ukuta, ndiyo visima viwili vya ziada. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga ukuta pasipo ufa, nikaupaka na rangi.

Sikulala siku hiyo, lakini hilo si jambo. Linaloniuma mpaka leo ni hili: kama ningesahau mwinuko wote, kila mtu angeona. Ziwa Albert liko mita 620 hivi juu ya usawa wa bahari. Kosa la mita 620 linapiga kelele, hata dereva angeuliza. Mita 9 hazipigi kelele. Mita 9 zinavaa suti, zinakaa kikaoni, zinajiita jiolojia. Nilikuwa na maelezo mazuri ya kitu ambacho hakikuhitaji maelezo, kilihitaji kusomwa ukurasa wa kwanza wa ripoti ya uchimbaji, pale juu kulia, mahali pameandikwa urefu wa sakafu. Ripoti ilikuwa kwenye kabati, hatua sita kutoka kiti changu. Nilizihesabu baadaye.

Na haikuishia hapo. Nilirekebisha faili langu, nikaomba radhi, nikanyamaza. Lakini modeli ile ilikuwa imeshanakiliwa na timu ya pili, na ya pili ikampa mshauri wa nje. Mwaka uliofuata nikaketi kwenye kikao kingine, ikaoneshwa ramani nzuri ya ukutani, na katikati ya A na B umelala mstari mweusi mnene. Ulikuwa umepewa jina: F7. Mtoto wangu wa nje ya ndoa, ameshakua, ana namba ya usajili. Ilinibidi nisimame mbele ya watu wasionijua nieleze baba yake ni nani.

Kwa hiyo, kijana wa Alhamisi, ukiniona nashika kichwa usidhani nakudharau.

4. Ndugu wa kosa hilo ni wengi, nitawataja mbio mbio. Presha ya geji (isiyohesabu hewa) na presha kamili hutofautiana kwa uzito wa hewa: psi 14.7 usawa wa bahari, na huku ziwani karibu 13.6. Hiyo nayo inatosha kuzaa ufa. Kina cha bomba si kina cha wima. Visima vya Kingfisher huchimbwa kutoka ufukweni vikalala kwenda chini ya ziwa, kwa hiyo urefu wa bomba hauambii chochote juu ya presha mpaka uwe na vipimo vya mchepuko. Nukta ya presha iliyochukuliwa kwenye mwamba mgumu usiopitisha husoma juu kuliko ukweli. Ipe alama, usiichore pamoja na wenzake. Majalada ya zamani, na kisima cha Waki pale Butiaba ni cha 1938, yaulize kwanza: futi au mita?

5. Mafuta yetu yana nta. Ndiyo maana lile bomba la kusafirishia mafuta la kilomita 1,443 mpaka Chongoleani, Tanga, limebuniwa lipashwe moto njia nzima. Sasa wewe unapokea sampuli kutoka Hoima, chupa imepoa, unaihamisha vile vile ilivyo, kisha unashangaa maabara inakuambia mafuta ni mepesi. Nta imebaki kwenye chupa, bwana! Ipashe mpaka joto la rezavoa, itikise, isubiri. Nimeona mtu akitetea PVT (vipimo vya tabia ya mafuta kwenye presha na joto) ya namna hiyo wiki mbili, kwa machozi. Sitamtaja kwa sababu sasa ni mkubwa wangu.

6. Mafunzo ya programu huanza na uwanja wenye miaka ishirini ya uzalishaji, unavuta vitufe mpaka mistari ilaliane na historia. Huku kwa miaka mingi tulichokuwa nacho ni majaribio ya visima ya siku chache, logi (rekodi za vipimo vya ndani ya kisima), na sampuli za mwamba wa mchanga unaomomonyoka ukiushika kwa vidole. Hamna historia ya kujifichia. Kwa hiyo toa masafa, usitoe namba moja: ya chini, ya kati, ya juu, na useme ni kipi kitakubadilisha mawazo. Bosi atakushinikiza umpe moja. Mpe ya kati, na mbili zile ziandike ukurasa huo huo, si kwenye kiambatisho.

7. Maji. Ukichota mafuta lazima urudishe kitu, la sivyo presha inashuka, gesi inajitenga, na mafuta mazito yanabaki yakikutazama. Tilenga maji ya kuingiza yamepangwa kutoka ziwani. Soma hesabu ya kilichotoka na kilichoingia kila mwezi, kwa ujazo wa chini ardhini na si wa juu kwenye tangi. Haya mengine mtayafahamu visima vikianza kuwafundisha.

8. Kaeni karibu na wachimbaji. Mhandisi wa rezavoa akila peke yake na laptop hujifunza laptop. Penseli ya yule mzee haikutoka kwenye programu yoyote. Ilitoka miaka ya kusimama kwenye sakafu ya rigi akiona kwa macho iko juu ya ardhi kiasi gani, na kupanda zile ngazi na magoti yake mabaya. Nilimuuliza baadaye alijuaje haraka vile. Akasema hakujua, aliona mistari sambamba kupita kiasi, akasema asili haichori kwa rula, akaanza kumtafuta mwenye rula.

Mimi nilikuwa na jambo la tisa, kuhusu kuandika mawazo yenu pembeni ya kila chati, lakini gari la Hoima linaondoka saa kumi na moja alfajiri na bado sijapakia.

Wewe wa Alhamisi: jedwali lako lipo mezani kwangu, chini ya kikombe. Jumatatu njoo nalo, na ripoti za uchimbaji za visima vyote viwili. Kabati ni lile lile. Usiongeze mstari wowote kwenye ramani mpaka tuonane.