Shangazi, mawe ya Babu yako chini ya jamvi

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 26, naishi Dodoma kwa babu na bibi mzaa baba. Babu ana miaka 74, ni mjiolojia mstaafu. Nyumba imejaa mawe: barazani, juu ya kabati la vyombo, hadi uvunguni mwa kitanda. Kila jiwe limepakwa doa la rangi nyeupe na kuandikwa namba. Moja jeusi lilishaharibu kitambaa cha meza cha Bibi. Kuna na chupa ya jemu yenye unga mweupe, Bibi anasema ni magadi, siku moja nusura aitie kwenye maharage.*

*Mwezi uliopita Babu alikwenda msibani Morogoro siku nne. Bibi akaniambia nisafishe stoo. Fundi alikuwa anajenga kibaraza cha nyuma, mawe yakampungukia, nikampa ndoo tatu. Jamvi la zege limeshamwagwa juu yake. Sasa Babu kakaa sakafuni stoo na kaunta buku yake, anasoma namba mojamoja, ananiuliza, "Mchumba, hujaiona 118?" Nikamjibu labda panya. Bibi anasema ninyamaze, atasahau. Na juu ya hayo Babu anataka kwenda kupanda Ol Doinyo Lengai mwaka huu, watoto wake wote wamekataa. Nifanyeje?*

*Mjukuu, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Panya nawajua. Wanakula mahindi, sabuni, hata nyaya za umeme, ila sijasikia aliyehama na jiwe la kilo mbili. Babu yako naye hajasikia. Mtu aliyetembea porini miaka yote hiyo akisoma mikwaruzo ya miamba hashindwi kujua nani kaingia stoo kwake. Mimi nadhani anakusubiri.

Mwambie wewe mwenyewe, na iwe wiki hii, kabla fundi hajarudi kudai hela yake na kuropoka. Usimtume baba yako. Ingekuwa ni mzazi umemkosea, ningesema tafuta mtu mzima akutangulie. Kwa babu, mjukuu hahitaji mshenga; hiyo "mchumba" anayokuita ndiyo ruhusa yako ya kuingia. Ila ukishaingia utani uweke pembeni. Sema ndoo tatu, sema fundi, sema jamvi, sema na ile ya panya kwamba ulidanganya. Neno moja tu usilitamke: "yalikuwa mawe tu."

Maana kwake si mawe tu, na si kwa sababu ya uzee. Sampuli ni vitu viwili. Kuna jiwe lenyewe, na kuna mstari kwenye kaunta buku unaosema lilivunjwa wapi, lini, na mwamba wake ulikuwa umelalia upande gani. Ndiyo kazi ya lile doa jeupe, kuunganisha hivyo viwili. Jiwe lililopoteza namba yake ni kokoto, hata liwe zuri namna gani. Kwa hiyo bahati yako ni kwamba ulimpa fundi ndoo, hukumpa kaunta buku akafungie vitumbua. Nusu ya 118 bado ipo.

Jamvi usilivunje. Nenda kaangalie lile lundo la mabaki pembeni ya mchanga, mafundi hawamalizi vitu. Kisha kaa na Babu mpitie orodha, ayatie alama yaliyobaki na yaliyokwenda. Mengine yatarudi kwa urahisi. Kama yamo mawe ya itale, yaani granaiti, ya hapohapo Dodoma, mwamba wa huko una umri wa takriban miaka bilioni 2.5, haukimbii, mtatoka asubuhi na nyundo, mchana mmesharudi. Mengine hayatarudi, hapo hata mimi sina dawa. Atanuna. Muache anune.

Sasa Bibi. Ushauri wake wa kunyamaza ni mbaya, lakini naomba nimtetee, kwa sababu barua nzima unamzungumzia kama mtu wa kando. Jiolojia ni kazi ya kiangazi. Mvua zikikatika na njia zikipitika, gari linapakiwa mahema na madebe ya maji, mume anaondoka. Huko kwenu kiangazi kinaanza Mei mpaka Novemba. Piga hesabu. Nusu mwaka, kila mwaka, Bibi anavuna mtama peke yake, anauguza watoto peke yake, pengine na kujifungua peke yake. Kisha siku moja Land Rover inaingia uani, sanduku linashushwa, zito, watoto wanashangilia, Bibi anafunua akitarajia walau doti moja ya khanga. Mawe. Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, naye alikosekana hivyohivyo, lakini angalau alirudi na vitunguu.

Sidhani Bibi alikutuma stoo kwa bahati mbaya siku ambayo mzee hayupo. Hilo usiliseme mbele ya Babu. Libebe wewe, mkono uliotoa ndoo ulikuwa wako. Lakini ujue kwamba kuna deni humo ndani ya nyumba la zamani kuliko umri wako. Lile jiwe jeusi la kuchafua kitambaa, nadhani ni kinywe, madini yaleyale yaliyomo ndani ya penseli, yanapatikana Mahenge kwa wingi. Babu amnunulie mkewe uzi wa kufumia, mwingi, na awaachie barazani mahali pa watu kukaa. Mawe yaende kwenye rafu moja. Kama yamo ya vito, muulizeni afisa madini kabla ya kumgawia mtu, maana kuuza madini bila leseni ni kosa kisheria.

Ile chupa ya jemu usiiguse. Kwa namna ulivyoieleza, na kwa anavyoutaka mlima huo, nahisi ni lava ya Lengai yenyewe. Volkano nyingi hutapika uji wa moto wa nyuzi 1,000 na zaidi. Lengai hutoa lava ya nyuzi 500 hadi 600 hivi, nyepesi, inateleza kama mafuta, inatoka nyeusi, na ikipata unyevu inageuka nyeupe ndani ya siku chache. Imejaa magadi, Bibi hakukosea sana! Na moja ya madini yaliyomo linaitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Mwambie Bibi maharage yake yalinusurika kutiwa Baba wa Taifa. Unga huo usipikiwe hata hivyo, maana humo mna zaidi ya magadi.

Kuhusu kupanda, niko upande wa baba yako. Lengai una karibu mita 2,960, watu huanza kupanda usiku wa manane ili wafike kileleni alfajiri, njia ni mteremko mkali wa majivu yanayoporomoka kila unapoweka mguu. Kwa miaka 74, hapana. Lakini wanawe wamekataa mlima na safari kwa pamoja, na hapo wamekosea. Kijiji cha Engare Sero kiko chini yake, karibu na Ziwa Natron. Mlima unaonekana wote kutoka huko, na kuna nyayo za binadamu wa kale zaidi ya 400 zilizogandia kwenye majivu ya volkano. Mzee atashika dira, atakuelezeni mpaka mchoke.

Bibi naye aende. Umri wote amefua vumbi la huko kwenye suruali za kaki na hajawahi kupaona. Akae kiti cha mbele.

Jambo moja bado. Hukuniandikia 118 ilikuwa jiwe gani, na nina wasiwasi hata wewe hujui. Babu akilala mchana, kaunta buku anaiacha wapi? Ifungue, usome mstari huo wote, halafu ndipo umpelekee chai.