Bili haiangalii kama ukurasa umefunguka

Wiki hii tena modemu za enzi za 2004, vile vifaa vilivyounga kompyuta na intaneti kwa kupiga simu ya waya, ukilipa kwa dakika. Nimechagua maswali machache kati ya mengi yanayofanana, manake wote mnauliza spidi, spidi, spidi, hamna hata mmoja anayeuliza ataachaje kulipia dakika asizozitumia. Haya twende.

Intaneti ya nyumbani kwangu haishiki, nifanyeje? (Tabata)

Haishiki vipi? Windows gani, modemu ya ndani au ya nje, na skrini inakuandikia namba gani ya kosa? Nimesema mpaka nimechoka, ile namba haijawekwa pale kama pambo. 691 ni jina au neno la siri, angalia herufi kubwa na ndogo. 678 upande wa pili haujajibu, piga namba ileile kwa simu ya kawaida usikilize kama inapokea modemu, isije ikawa umekosea tarakimu moja na kuna mama wa watu unamwamsha kila usiku. 680 ni hakuna mlio wa laini, soma hapo chini.

Shikamoo. Inasema hakuna mlio wa laini, ila nikinyanyua simu nausikia kabisa. (Mwalimu, Morogoro)

Marahaba mwalimu. Geuza modemu, nyuma kuna matundu mawili, moja la waya wa ukutani na moja la simu ya mezani. Modemu nyingine ukibadilisha zinavumilia, nyingine hazitaki kabisa. Kama waya uko sawa basi modemu haiutambui mlio wa laini yenu, milio haifanani nchi zote na hizi za mtumba zimezoea ya kwao. Nenda Kontroli Paneli ya Windows, sehemu ya modemu, ondoa tiki kwenye kusubiri mlio kabla ya kupiga. Ikigoma, hapohapo kwenye amri za ziada andika X3, yaani ipige bila kusubiri mlio. Na kama hiyo simu ni ya shuleni inayopitia swichibodi, anza na namba ya kutokea nje, mara nyingi 9, halafu koma ndo namba ifuate, koma moja ni kama sekunde 2 za kusubiri.

Nimenunua modemu ya 56K lakini inaunga kwa 31,200. Nimeuziwa feki? (Mwanza)

Hujauziwa feki kaka. 56K, yaani biti 56,000 kwa sekunde, ni kiwango cha juu kabisa, na unakaribia hapo pale tu njia inapokuwa ya kidijitali kutoka kwa mtoa huduma mpaka kwenye exchange yako, kile kituo cha simu cha eneo lenu, kikabaki kile kipande cha waya wa shaba cha kuja nyumbani. Sauti ikigeuzwa kuwa dijitali mara mbili njiani, basi, unarudi kwenye 33,600 kushuka chini. Halafu ongeza umbali, viungo vya waya vilivyofungwa na fundi wa mtaani kwa solotepu, na ekstensheni ya simu ya chumbani ambayo hakuna anayeitumia. Chomoa ekstensheni zote, chomeka modemu kwenye soketi ya kwanza inapoingilia laini, ujaribu tena. Usinunue modemu nyingine!

Na yule rafiki yako anayekutambia kwamba yake inaandika 115,200, mwambie hiyo ni spidi kati ya kompyuta na modemu yake, sio ya laini. Halafu hizo ni biti, gawa kwa 8 upate baiti. Kwa 31,200 wewe unapata kama kilobaiti 4 kwa sekunde, yaani megabaiti 1 inakula dakika 4 na ushei, hapo laini imetulia. Na hata laini ikiwa safi, huku kwetu mwaka 2004 tulikuwa bado tunatoka nje kwa setelaiti, ombi lako lilipanda zaidi ya kilomita 35,000 na kushuka kabla halijafika popote. Kwa hiyo nyie mlioniandikia mnataka kushusha ile Service Pack 2, furushi la marekebisho ya Windows XP lililotoka Agosti 2004, faili zima lilikuwa megabaiti 260 na kitu, pigeni hesabu, ni saa 19 za simu. Dawa ilikuwa kutafuta CD. Ila kuiweka ilikuwa lazima, manake ndo iliwasha ngome ya XP yenyewe, ile kinga ya kuzuia wavamizi wa mtandaoni, bila hiyo mliachwa wazi, na kati ya wale waliopigwa na kirusi cha Blaster mwaka 2003, mashine inahesabu sekunde 60 inajizima na kuwaka upya, hata wa laini za simu kama nyie walikuwemo.

Ile kelele ya modemu naizimaje? (Kinondoni)

Andika M0 kwenye amri za ziada, spika inanyamaza. Lakini dada yangu usiizime! Ile kelele ndo mlinzi wako. Kuna programu zinaingia kimyakimya ukitembelea tovuti za picha za aibu au za programu za bure, zinakata laini yako, zinabadilisha namba na kupiga nje ya nchi. Utajua bili ikija. Sikiliza modemu, ikianza kulia na hujaiambia kitu chomoa waya. Kabla ya kubonyeza kupiga soma namba, ni ya mtoa huduma wako? Na omba kampuni ya simu wakufungie simu za nje kama huzitumii.

Bili imepanda na mimi nasoma barua pepe tu. (Arusha)

Ndo hapo, UNASOMA. Unasoma laini ikiwa hewani, unajibu kwa kidole kimoja, chai inapoa, mita inatembea, na mtoa huduma wa intaneti naye umemnunulia vocha yake, unalipa mara mbili. Andika barua zako laini ikiwa imekatwa, Outlook Express, ile programu ya barua pepe ya Windows za zamani, inakubali, zikishakuwa tayari unganisha, tuma na upokee, kata, ndo usome. Weka tiki ya kukata simu ikimaliza. Picha za kurasa zizime kwenye brauza. Dakika 5 zinakutosha.

Mtoto akinyanyua simu ya sebuleni intaneti inakatika. (Tanga)

Ni laini moja, ulitegemea nini?

Wakati wa radi nazima kompyuta, inatosha? (Bukoba)

Haitoshi hata kidogo, hasa huko ziwani. Chomoa na waya wa simu ukutani, radi inapenda kuingilia huko, na ukiwa na modemu ya ndani inaweza kuondoka na ubao mama, ule ubao mkuu wa kompyuta. Ndo maana nawaambia nunueni ya nje.