Jibu: Uvimbe wa pajani uliotokana na saratani ya figo

Ndugu yangu wa Ujiji, pole kwa kuuguza. Umeuliza inawezekanaje uvimbe wa pajani kwa mjomba wako, uliokatwa kwa kudhaniwa ni wa mafuta, ukaonekana maabara kuwa saratani iliyotoka kwenye figo, ilhali hajawahi kulalamikia figo.

Inawezekana, ingawa ni nadra. Saratani za mapafu na figo ni miongoni mwa zile zinazoweza kusambaa hadi kwenye misuli, na wakati mwingine uvimbe huo ndio dalili ya kwanza. Kwa kupapasa tu, hakuna daktari awezaye kuutofautisha kwa hakika na sarakoma, yaani saratani iliyoanzia papo hapo kwenye nyama. Uvimbe wa mafuta kwa kawaida ni laini, huteleza chini ya ngozi na hukua polepole. Uvimbe unaozidi sentimita 5, ulio ndani ya misuli au unaokua haraka haufai kukatwa kabla ya kupigwa picha na kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama yake kwa sindano maalumu (na hapo, kwa maoni yangu, ndipo palipokosewa). Mtaalamu wa patholojia, yaani anayechunguza vipande vya mwili maabara, hukipaka kipande hicho dawa zinazoonyesha protini za seli, ambazo humwelekeza kwenye kiungo cha asili.

Sasa mjomba anahitaji picha za CT (eksirei za kompyuta) za kifua na tumbo, kwa kuwa matibabu yatategemea saratani imefika wapi. Ombeni rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, au taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, mkiwa na majibu ya maabara pamoja na vile vipande vya uvimbe vilivyohifadhiwa kwenye nta.