Kwa Nini Auawe Kondoo-Mwitu Asiye na Kikohozi?

SWALI: Shikamoo Daktari. Ninasoma Boise, jimbo la Idaho, Marekani. Huku maofisa wa wanyamapori huwakamata kondoo-mwitu wa pembe kubwa, huwapima pua, kisha huwaua baadhi ya majike wasioonyesha dalili yoyote, ili kuwanusuru wana-kondoo. Kwetu Manyara, mbuzi akiugua mapafu, anayetengwa ni mgonjwa. Je, huko si kuwaonea wanyama?

JIBU: Marahaba. Ni uamuzi mzito, lakini naamini ni wa haki. Kondoo-mwitu hao huuawa na nimonia, na kijidudu kinachoianzisha, maikoplasma ovinyumonie, hujibandika kwenye vijinywele vinavyofagia uchafu kooni, vikashindwa kufanya kazi, na bakteria wengine wakapata njia ya kushuka mapafuni. Katika majira ya baridi ya 1995 na 1996, takriban kondoo-mwitu 300 walikufa Hells Canyon, mpakani mwa Idaho, Oregon na Washington.

Linaloniumiza zaidi ni yale yanayofuata. Majike walionusurika huzaa vizuri, lakini wana-kondoo hufa kwa nimonia kiangazi baada ya kiangazi, wengi wakiwa na umri wa mwezi mmoja hadi minne, kundi likazeeka bila warithi. Wengi wa walionusurika hatimaye huondokewa na kijidudu. Wachache hukaa nacho puani kwa miaka, na kwa kuwa wana-kondoo hucheza pamoja pua kwa pua, jike mmoja wa aina hiyo anatosha kuangamiza kizazi kizima. Ndiyo maana mnyama hupimwa zaidi ya mara moja, ili kumtambua mbebaji wa kudumu. Walipoondolewa wabebaji wa kudumu, Hells Canyon na pia South Dakota, wana-kondoo walianza kupona.

Homa ya mapafu ya mbuzi mnayoijua Manyara husababishwa na maikoplasma wa aina nyingine, nayo ina chanjo. Kondoo-mwitu hawana chanjo iliyothibitika, wala huwezi kuwafuata kwenye majabali kila siku na sindano.

Hata hivyo, kuwaua wabebaji ni kazi bure iwapo kondoo na mbuzi wa kufugwa, ambao ndio chanzo cha kijidudu hiki, wataendelea kuchanganyika nao. Madume hutangatanga mbali wakati wa kupandana. Mwaka 2010, msitu wa taifa wa Payette, huko huko Idaho, uliamua kupunguza malisho ya kondoo kwa sababu hiyo, na wafugaji waliumia. Ukiona kondoo-mwitu karibu na zizi, iarifu idara ya wanyamapori ya jimbo siku hiyo hiyo, kabla hajarudi kundini.