Kabla Kengele ya Muhula Haijalia: Maswali ya Wahadhiri na Wakufunzi

Muhula wa Septemba umekaribia katika vyuo vyetu vya Kenya na maswali yamemiminika, mengi yakitoka kwa wanaoingia darasani mara ya kwanza. Nimejibu yale yanayojirudia.

*Mwalimu, nimepewa uniti nisiyowahi kufundisha na masomo yanaanza wiki ijayo. Mkuu wa idara amenipa silabasi ya ukurasa mmoja tu. Nianzie wapi? – Mhadhiri mpya, Kahawa Wendani*

Anzia mwisho. Nenda ofisi ya idara uombe mitihani ya miaka mitatu iliyopita, pamoja na muhtasari wa kozi aliotumia mwenzako aliyeifundisha. Kisha tunga mtihani wako, hata kama ni rasimu, kabla ya kutengeneza slaidi hata moja. Ukijua utakachouliza, nusu ya slaidi ulizokuwa umepanga zitajifuta zenyewe. Isitoshe, karatasi hiyo itadaiwa mapema kuliko unavyofikiri, kwa sababu lazima ipitiwe na wengine kabla ya kuchapishwa.

Halafu hesabu wiki bila kujidanganya. Kalenda itakuambia wiki 14 au 15, saa tatu kila wiki. Lakini wiki ya kwanza darasa huwa nusu: huyu anangoja pesa za HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, yule bado anatafuta chumba. Oktoba kuna Siku ya Mazingira tarehe 10 na Mashujaa tarehe 20. Kipindi chako kikiangukia hapo, kimekwenda. Ondoa vipindi vya CAT mbili, yaani majaribio ya katikati ya muhula. Ondoa na wiki za mitihani. Migomo nayo haitabiriki: ule wa wahadhiri wa mwaka 2025 ulianza Septemba ukamalizika Novemba, na walioacha mada nzito kwa mwisho wa muhula walizifundisha mbiombio. Kwa hivyo zile mada ambazo uniti haisimami bila hizo, ziweke kati ya wiki ya pili na ya nane. Za mapambo zije baadaye, zikipata nafasi.

*Nina wanafunzi 300 wa uniti ya pamoja ya stadi za mawasiliano, na ukumbi una viti 180. CAT nitazisahihisha vipi? – Mama Pendo, Umoja*

La viti kwanza, mama: mwone afisa wa ratiba leo, si wiki ya tatu, maana kufikia hapo kumbi kubwa zote zitakuwa na wenyewe. CAT ya kwanza iwe ya kuketi, maswali mafupi yenye majibu ya mstari mmoja au miwili. Ya pili iwe ya vikundi vya watu sita, na vikundi uvigawe wewe kwa kufuata orodha. Wakijichagulia, mmoja ataandika na watano watatia sahihi.

*Nafundisha kwa muda vyuo vitatu: asubuhi Juja, mchana katikati ya jiji, jioni Rongai. Nijipange vipi? – Msafiri wa Thika Road*

Ndugu yangu, hiyo si ratiba, ni adhabu. Mvua ikinyesha jioni moja tu, darasa la Rongai litakungoja mpaka lichoke. Kabla ratiba hazijapitishwa, omba kila chuo kikupe siku yake nzima, hata kama ni vipindi viwili vinavyofuatana. Uniti zinazofanana zitumie noti zilezile. Hakuna anayekulipa kuandika upya.

Kubwa zaidi ni makaratasi. Usianze kufundisha bila barua ya uteuzi inayotaja uniti, idadi ya saa na malipo ya kila saa. Utaambiwa, “Wewe anza tu, barua iko njiani.” Barua za namna hiyo nimeziona zikisafiri muhula mzima. Kila kipindi kikiisha, mwakilishi wa darasa atie sahihi kwenye fomu ya mahudhurio, nawe uipige picha kwa simu papo hapo. Siku ya kudai pesa, fomu iliyopotelea ofisini huwa ni hasara yako, wala si ya aliyeipoteza. Na kama chuo bado kina deni lako la mihula miwili, kataa uniti za muhula wa tatu. Najua kodi ya nyumba haingoji, lakini kufundisha bure nako hakulipi kodi.

*Mimi ni mkufunzi wa umeme katika chuo cha kiufundi. Tumehamia mtaala wa umahiri. Je, maazimio ya kazi na maandalio ya somo ya zamani bado yanafaa? – Mkufunzi, Kabete*

Kwa sehemu. Yale yaliyopangwa kwa sura za kitabu weka kando, kwa kuwa sasa mwanafunzi hupimwa kwa kazi anayoweza kuifanya. Chukua viwango vya kazi na mtaala wa TVET CDACC, baraza la mitaala na upimaji la vyuo vya kiufundi, kisha uende navyo karakana kabla ya kwenda kwenye dawati lako. Hesabu vifaa. Ukiwa na wanafunzi 40 na multimita nne, panga zamu sasa, na agizo la nyaya na swichi liingie ofisi ya ununuzi kabla wanafunzi hawajaripoti. Jalada la ushahidi la kila mmoja lifunguliwe tangu kazi ya kwanza ya vitendo. Kulijaza mwishoni kwa kukumbukakumbuka ni kutunga hadithi.

*Niunde kundi la WhatsApp la darasa? – E., South B*

Liunde, ila mwakilishi wa darasa awe msimamizi pamoja nawe. Matangazo yapite hapo. Noti ziweke kwenye mfumo wa chuo, maana wengine hubadilisha simu au huishiwa na bando na kukosa faili. Alama zenye majina usizitume kamwe: ni taarifa za mtu binafsi, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Na waambie mapema kwamba baada ya saa tatu usiku hutajibu.