Nafsi, mwili na swali la Elisabeth: maswali ya wasomaji kuhusu Descartes

Maswali ya safari hii yote yanamhusu René Descartes (1596–1650), Mfaransa aliyeshikilia kwamba nafsi na mwili ni vitu viwili tofauti kabisa.

Natafsiri kipande cha Tafakuri zake za mwaka 1641. Neno la Kilatini *mens* nilifanye roho, nafsi au akili?

Nafsi, au akili pale sentensi inapobana. Roho iepuke. Kilatini kilikuwa na neno *anima*, na Descartes alilikwepa makusudi. Alipomjibu Gassendi, mwanafalsafa aliyempinga, alieleza kwamba watu wa kale walilibebesha mambo mawili bila kuyapambanua: kile kinachotulisha na kutukuza kama mimea na wanyama, na kile tunachofikiria nacho. Yeye alitaka hicho cha pili peke yake.

Roho ya Kiswahili imebeba mzigo uleule. Kuku ana roho, mgonjwa anakata roho. Tena kwa Descartes mtu hafi kwa sababu nafsi imemtoka. Katika kitabu chake cha mwaka 1649 kuhusu mihemko ya nafsi anasema kinyume chake: kiungo kikuu cha mwili huharibika kwanza, ndipo nafsi huondoka. Maiti na mtu hai hutofautiana kama saa iliyovunjika na saa inayotembea. Ukiandika "roho", msomaji wako atasikia jambo ambalo mwandishi analikana.

"Nafikiri, kwa hiyo nipo." Hiyo -po si ya mahali? Descartes hajarudisha mahali kinyemela?

Swali zuri, lakini tafsiri inasimama. Tunasema "Mungu yupo" bila kumpa mahali. Ila msomaji akumbushwe, maana kufikia hapo Descartes ameshatilia shaka mbingu, ardhi, rangi, maumbo na hata mikono yake mwenyewe.

Angalia na hiyo "kwa hiyo". Imo katika kitabu cha 1637 na kile cha 1644, lakini katika Tafakuri ya Pili haimo. Pale anasema tu kwamba kauli "mimi nipo" ni kweli kila ninapoitamka au kuiwaza. Baadaye alipoulizwa alifafanua kwamba hakuanza na kanuni "kila kinachofikiri kipo" kisha akajitoa humo. Jambo hilo nafsi huliona moja kwa moja.

Anatokaje kwenye shaka hadi kusema nafsi na mwili ni vitu viwili?

Hapa ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama. Huandika: naweza kuutilia shaka mwili wangu, siwezi kujitilia shaka mimi mwenyewe, basi mimi si mwili. Hoja hiyo imeoza. Umekutana sokoni na mwanamke aliyevaa nikabu. Humjui ni nani, na shangazi yako unamjua vizuri. Haifuati kwamba yule si shangazi yako! Kujua na kushuku ni hali zako wewe. Hazisemi kitu chenyewe kikoje.

Hoja yenyewe iko Tafakuri ya Sita, na ina hatua zake. Kwanza, chochote ninachokielewa kwa uwazi, bila kukichanganya na kingine, Mungu anaweza kukiumba vilevile ninavyokielewa. Pili, nikiweza kukielewa kitu kimoja bila kingine, Mungu anaweza kuvitenganisha, na vinavyoweza kutenganishwa ni viwili. Tatu, najielewa kuwa kitu kinachofikiri kisichochukua nafasi, na mwili nauelewa kuwa kitu kinachochukua nafasi kisichofikiri. Basi ni viwili. Hoja haikuweza kuja mapema, kwa sababu inamhitaji Mungu asiyedanganya, naye anathibitishwa Tafakuri ya Tatu. Ukiiondoa hatua hiyo, yote inaanguka.

Aliyeibana zaidi ni mwanateolojia Antoine Arnauld, mwaka uleule wa 1641. Chora pembetatu ndani ya nusu duara, upande mrefu ukiwa ndio kipenyo. Mtu anaweza kuwa na hakika kwamba ina pembe ya nyuzi 90, na bado akashuku kama mraba wa upande mrefu ni sawa na jumla ya miraba ya pande mbili zilizobaki. Je, Mungu anaweza kuumba pembetatu hiyo bila sifa hiyo? Hawezi. Yule mtu ameielewa nusu. Sasa Descartes anajuaje kwamba hajajielewa nusu? Alijibu kwamba sifa ya pembetatu si kitu kinachojitegemea, lakini nafsi inaeleweka kuwa kitu kamili. Kwa maoni yetu jibu hilo linarudia kile kile kilichoulizwa.

Descartes alisema nafsi huusukuma mwili kupitia tezi ya pineali, tezi ndogo ndani ya ubongo. Je, hilo linatatua tatizo la nafsi kuusukuma mwili?

Halitatui. Swali hilo liliulizwa na binti mfalme Elisabeth wa Bohemia, mwenye umri wa miaka 24, kwa barua aliyomwandikia Descartes Mei 1643. Kitu husogea kwa kusukumwa, na kusukuma kunahitaji kugusana, au walau uso wenye umbo fulani. Kugusa hakuwezekani kwa kitu kisicho cha kimwili, na umbo linahitaji kuchukua nafasi. Nafsi umeinyima vyote. Inausogezaje mkono?

Descartes akatoa mfano wa uzito: tunadhani uzito hushusha jiwe bila uso wa kitu kugonga uso wa kingine. Elisabeth hakuridhika, kwani Descartes mwenyewe alifundisha kwamba uzito wa namna hiyo haupo. Akaandika kuwa ingemwia rahisi zaidi kukubali nafsi inachukua nafasi kuliko kukubali kisicho mwili kusogeza mwili. Jibu la Descartes la Juni 1643 ni la kweli kuliko yote: muungano wa nafsi na mwili hujulikana kwa hisia na maisha ya kila siku, si kwa kufanya falsafa.

Tezi aliichagua kwa sababu moja inayoeleweka: sehemu nyingine za ubongo alizihesabu kuwa mbilimbili, tezi ni moja, nasi kwa macho mawili tunaona kitu kimoja. Kuinama kwake kungeelekeza chembe laini za damu kwenye neva na misuli. Lakini tezi nayo ni mwili. Swali la Elisabeth limehamishiwa mahali padogo, halijajibiwa. Mwaka 1665 mwanaanatomia Nicolaus Steno aliwaonyesha wasikilizaji wake Paris kwamba tezi imebanwa pande zote, haiwezi kuyumba hivyo.

Kwa hiyo mtu ni kama nahodha ndani ya jahazi?

Yeye mwenyewe alikataa. Nahodha huona kwa macho kwamba ubao umepasuka, hasikii uchungu. Wewe ukijikata kidole unaumia. Anasimulia pia habari ya msichana aliyekuwa na kidonda kibaya mkononi. Daktari alipokuja, msichana alifungwa macho, na siku chache baadaye mkono ukakatwa hadi kwenye kiwiko, pakawekwa vitambaa asijue. Akaendelea kulalamika, mara kidole hiki, mara kile, vidole ambavyo havipo tena. Neva zilizotoka mkononi bado zilikuwa zikichokozwa pale kiwikoni, na nafsi ikasoma ishara ileile ya zamani.

Urazini, yaani falsafa kama ya Descartes inayoitegemea akili kwa hakika, ni kudharau milango ya fahamu?

Hapana. Majira moja ya baridi kali, Amsterdam, Descartes alienda karibu kila siku kwa mchinja nyama, akichukua viungo vya kupasua nyumbani. Alichokana ni kwamba hisia peke yake hutupa hakika.

Kuna Mwafrika aliyeingia katika mjadala huu enzi hizo?

Yupo: Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Axim, Ghana ya leo, aliyepelekwa Ujerumani akiwa mtoto. Mwaka 1734 alitetea huko Wittenberg tasnifu kwa Kilatini kwamba nafsi ya mtu haihisi. Nafsi hutenda, haitendewi; ili kitu kihisi lazima kiguswe au kipenywe, na kisicho na sehemu hakigusiki. Maumivu basi ni ya mwili ulio hai. Alimkosoa Descartes kwa jina, akinukuu jibu lake kwa Elisabeth la Mei 1643, pale aliposema nafsi iliyoungana na mwili hutenda na kutendewa pamoja nao.